Dawa ya Farasi Nyumbani Kwetu Makole

Mkono wangu wa kulia ulianza kuniuma katika miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara na mitumba ikamwagika mjini Dodoma kama mvua ya masika. Kabla ya hapo nilikuwa fundi cherehani wa nguo mpya: gauni za Idi, sare za shule, suti za mabwana harusi pale kitambaa kilipopatikana. Marobota yalipoanza kufunguliwa sokoni, wateja walinikimbia. Sikulia. Niliona mapema kwamba suruali za Wazungu hazikukatwa kwa viuno vya watu wetu, na kwamba mtu akishanunua suruali ya jinzi inayomtosha yeye na nduguye, lazima atamtafuta fundi. Nikaitoa cherehani yangu barazani, hapo hapo Makole, na kazi ikanijia hadi nikawa naikataa.

Tatizo lilikuwa ile jinzi. Kitambaa chake ni kigumu kama gunia, na mkasi wangu ulikuwa wa kukatia vitambaa laini vya doria na poplini. Nilikata mapindo, nikapunguza viuno, nikafumua koti la mtu mzima nikamtengenezea mtoto, mpaka kifundo cha mkono kikavimba na kidole gumba kikawa hakikunjiki. Ikifika alasiri sikuweza kuinua sufuria ya ugali jikoni. Zahanati walinipa vidonge wakaniambia nipumzike. Ushauri ule ulikuwa mzuri kwa mtu mwenye nafasi ya kuufuata. Mume wangu alikuwa karani wa reli, na siku zile kila mwezi kulikuwa na maneno ya watu kupunguzwa kazini. Sikupumzika.

Ndipo aliporudi mjomba, kaka yake mama. Alikuwa ameishi Uarabuni miaka mingi akitunza farasi wa tajiri mmoja, na alirudi na mablanketi, ubani, redio kaseti kubwa kama sanduku, na tabia ya kuwatazama watu miguu kabla ya kuwatazama nyuso. Alikuja kunisalimia, akanikuta nimeushika mkasi kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mkono una nini?"

"Umechoka tu."

"Mkono hauchoki hivyo. Farasi akiuweka mguu namna hiyo hapelekwi mashindanoni. Kesho nitakuja na dawa."

Kesho yake alikuja na chupa ya kioo yenye maji maangavu, mazito kidogo, yasiyo na rangi. Kwenye kibandiko kulikuwa na picha ya kichwa cha farasi na herufi nne, D, M, S na O. Alisema kule mazizini ndiyo waliyowapaka farasi walioteguka miguu, na watunzaji nao walijipaka magoti na migongo yao wakubwa wakiondoka. Aliniamuru ninawe kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko. Kisha akachovya pamba na kunipaka kifundoni.

Ilinichoma. Haikuwa kama pilipili, ilikuwa kama upupu, halafu joto likapanda na ngozi ikawa nyekundu. Nilitaka kujikuna, akanishika mkono. Tulikaa tukizungumza habari za ndugu, na kabla hatujawamaliza nikasikia ladha ya kitunguu saumu kwenye ulimi.

"Mjomba, umenipaka mkononi. Mbona naionja mdomoni?"

Alicheka akajipiga paja. "Ndiyo sifa yake hiyo. Dawa nyingine zinakaa juu ya ngozi kama mgeni asiyekaribishwa. Hii haibishi hodi."

Mume wangu aliporudi kutoka stesheni alisimama mlangoni akinusanusa. Aliniuliza kama tumepika pilau. Nikamwambia ni ugali na mlenda kama jana. Alinusa sufuria, akanusa pazia, mwisho akaninusa mimi, akarudi nyuma hatua moja. Usiku ule alilala ameutazama ukuta.

Lakini mkono ulitulia. Nasema hivyo kwa uhakika wa mtu aliyekuwa na mkono wenyewe. Haukupona, maana kesho yake jinzi zilikuwa palepale, ila uvimbe ulipungua na kidole gumba kikaanza kukunjika. Mjomba aliniachia chupa nzima. Nikawa napaka jioni baada ya kazi, nimeichanganya na maji yaliyochemshwa nusu kwa nusu. Jambo la ajabu ni kwamba ukiyachanganya, yote mawili yakiwa baridi, glasi inapata joto kiganjani. Ulipofika mwezi wa saba, na baridi yetu ya Dodoma ile inayopasua midomo, niliikuta asubuhi moja imeganda kwenye chupa kama mafuta ya nazi. Mume wangu alisema dawa imekufa, tuizike. Niliiweka juani dirishani, ikayeyuka ikawa kama mwanzo.

Kilichonifundisha kuiheshimu ni kitenge. Mteja mmoja aliniletea kitenge kipya cha bluu, cha bei rahisi, kile ambacho rangi yake inabaki vidoleni hata kabla hujakifua. Nilikikata mchana kutwa. Jioni mkono uliwaka maumivu, nikapaka dawa kwa haraka bila kunawa. Asubuhi kifundo changu kilikuwa cha bluu. Nilisugua kwa sabuni, nikasugua kwa limau, nikasugua kwa mchanga. Bluu haikuwa juu ya ngozi, ilikuwa ndani.

Nilimwonyesha mjomba nikidhani atashtuka.

"Si nilikwambia unawe? Dawa hii ni punda, hachagui mzigo. Ukimpakia chumvi anaingiza chumvi, ukimpakia rangi anaingiza rangi."

"Na nikimpakia kibaya?"

"Usimpakie kibaya," alisema, akaendelea kunywa chai yake.

Tangu siku ile nilinawa kabla ya kupaka kama mtu anayetia udhu.

Bluu ilikuwa bado haijaisha vizuri wakati wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alipokuja kutoka Gulwe. Mume wangu ni Mgogo wa huko, alisilimu tulipooana, na ndugu zake walilipokea jambo hilo kwa utani zaidi kuliko kwa hasira. Wifi ndiye aliyekuwa bingwa wa utani huo. Alishuka kwenye treni na kikapu cha karanga na ubuyu, akaingia uani akipaza sauti kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwa! Wako wapi watu wa mjini waliomuiba mdogo wangu?"

Lakini safari hii aliingia akishika ukuta. Magoti yalikuwa yamemshinda. Na mikono yake, kuanzia vidoleni mpaka juu ya kifundo, ilikuwa na ukurutu, imepasuka na kuwasha. Alijikuna mpaka wakati wa kusali kabla ya chakula, akiwa amefumba macho. Nilimwuliza ameanza lini. Akasema tangu josho la kijiji lilipokauka. Zamani bwana mifugo alikuwa akija, mifugo inaogelea kwenye josho, kazi imekwisha. Sasa huduma ile ilikuwa imekufa, kila mtu ananunua dawa ya kupe mnadani kwenye chupa ya soda, anaichanganya kwenye ndoo, anamwogesha mnyama mmoja mmoja kwa tambara.

Jioni ile nilimwosha miguu kwa maji ya moto na sabuni, nikampaka magoti. Alipiga kelele kwamba nimemtia siafu. Baadaye akanyamaza, akanyoosha mguu, akaukunja, akaunyoosha tena.

"Wifi," alisema, "nimekusamehe kumuiba mdogo wangu."

Hakutaka kuondoka bila ile dawa. Nilimpimia kidogo kwenye chupa safi ya kioo, tayari nimeshaichanganya na maji. Nikamweleza: apake magoti tu, asiguse palipopasuka, na kwanza anawe. Nikamwonyesha mkono wangu wa bluu. Aliuangalia akacheka mpaka akashika mbavu.

"Basi mimi nikipaka nikiwa na unga wa mtama mkononi, nitashiba bila kupika!"

Mwezi haukuisha. Mume wangu alirudi nyumbani saa za kazi, jambo ambalo hakulifanya hata alipoumwa malaria. Alikaa kwenye kiti cha wateja, kofia mkononi. Stesheni ya Gulwe ilikuwa imepiga simu. Dada yake amekimbizwa hospitali, Mpwapwa. Ameanguka mlangoni kwake akitokwa na mate, akitapika, jasho linamvuja kama mtu aliyemwagiwa maji, na hawezi kusema. Watu walikuwa wanasema amekunywa dawa ya kupe.

"Amekunywa? Kwa nini anywe?"

"Wamegombana na shemeji. Shemeji aliuza mtamba wa ng'ombe bila kumwambia dada. Kijiji kizima kilisikia kelele." Alifuta uso kwa kofia. "Dada yangu hawezi kunywa sumu. Namjua. Lakini wanasema hata mdomo wake unanuka ile dawa."

"Inanuka nini?"

"Kitunguu saumu."

Nilisimama. Niliingia ndani, nikatoa chupa ya mjomba kabatini, nikaifunga kwenye kanga, nikamwambia twende.

Watu wa reli walitupandisha kwenye behewa la mwisho la treni ya mizigo, lile la gadi anayeisimamia. Kutoka Gulwe tulipata lori lililokuwa limebeba mifuko ya karanga kwenda Mpwapwa. Njia nzima mume wangu aliisokota kofia yake. Mimi nilikuwa na hofu juu ya wifi, hofu kubwa, lakini juu ya jambo moja sikuwa na wasiwasi hata kidogo: mwanamke yule hakunywa kitu.

Nje ya wodi tulikuta ukoo mzima. Mume wa wifi alikuwa amekaa chini, shuka kichwani. Kaka zake mume huyo walikuwa wamesimama kama watu waliotukanwa, na pembeni alikaa askari, maana mtu akitaka kujiua ni kesi. Mkubwa wa wale kaka alitusalimia kwa ubaridi, akasema mbele ya watu wote, "Dada yenu ametuaibisha. Mtamba mmoja tu, na yeye anataka tuitwe wauaji."

Mume wangu alikunja ngumi. Nilimgusa kiwiko, nikaingia ndani kumtafuta daktari.

Alikuwa kijana mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi. Alikuwa amesimama kando ya kitanda cha wifi akimfunua kope. Wifi alikuwa mdogo kitandani pale, yeye aliyejaza uwanja wangu kwa sauti. Dripu ilikuwa inashuka, na muuguzi alikuwa ameshika sindano nyingine tayari.

"Wewe nani wake?"

"Wifi yake. Atapona?"

"Mboni zilikuwa kama ncha ya sindano. Sasa zinafunguka na mate yamepungua. Nadhani atapona. Ni dawa ya mifugo, hilo sina shaka. Lakini mdomoni na kwenye matapishi sijaona ninachokitegemea kwa mtu aliyekunywa. Isipokuwa ile harufu."

"Harufu si ya sumu, daktari. Ni ya dawa yangu."

Nilifungua kanga, nikamwonyesha chupa. Alikisoma kibandiko polepole, akaigeuza chupa. Alisema aliwahi kuisikia chuoni, hakuwahi kuiona. Nikamwomba awaite wale ndugu na askari waje mlangoni. Aliniangalia kidogo, kisha akawaita.

Nilinawa kwenye beseni la wodi, kwa sabuni, mbele yao. Nikachovya pamba nikajipaka kifundo cha mkono. Nikasema, "Mmeniona. Nimepaka mkononi, sijala kitu, sijanywa kitu. Tusubiri."

Tulisubiri. Askari alihamisha uzito mguu hadi mguu. Kaka mkubwa aliguna kwamba hawakuja kutazama mazingaombwe. Niliposikia ladha imefika ulimini, nilimwendea yeye kwanza, kwa heshima zote, nikamwambia, "Shemeji, samahani," nikampumulia usoni.

Alirudi nyuma. "Kitunguu saumu!"

Nikampumulia na askari. Naye alikubali kwa kichwa, akavua kofia.

Daktari alikuwa ameshageuka kwa mume wa wifi. "Mzee, asubuhi kabla hajaanguka alikuwa anafanya nini?"

Yule baba alishusha shuka. "Alikuwa anaogesha mbuzi."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa tambara na ndoo. Mikono mitupu."

"Halafu?"

"Halafu akakaa mlangoni. Magoti yalimuuma kwa kuinama. Akajipaka dawa ya wifi yake. Mimi nilikuwa nimenuna, sikumsemesha. Nilimwona tu."

"Alinawa?"

Alitazama viganja vyake. Kisha akasema, "Maji ya siku ile tulikuwa tumewapa mbuzi. Alijifuta kwa kanga."

Daktari alivuta pumzi. Alituambia kwamba sumu ile hata peke yake inaweza kupenya ngozi, hasa ngozi iliyopasuka kama ile ya mikono ya wifi, na kwamba kwa kuisugua pamoja na maji ya chupa yangu alikuwa ameifungulia mlango na dirisha. "Huyu hajanywa," alimwambia askari. "Hapa hakuna kesi."

Mume wa wifi alijifunika shuka tena, lakini sasa mabega yalikuwa yanatikisika. Kaka mkubwa alimsogelea mume wangu, akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

Askari alipoondoka, daktari alinigeukia mimi. "Na wewe, mama. Nani alikupa ruhusa ya kugawa dawa hii?"

"Hakuna aliyenipa. Ilinitulizia maumivu, nikampa ndugu yangu. Nilimwambia anawe, na nilijua kwamba Gulwe maji ni ya kugombania. Sasa najua zaidi, na wewe umeiona. Akija mwingine mwenye harufu ile hutapoteza muda."

Aliitazama tena chupa. "Hilo ni kweli," alisema. "Lakini usimpe mtu mwingine."

"Sitampa."

Wifi alifungua macho vizuri kesho yake. Alinitazama, akamtazama mdogo wake, akauliza kwa sauti ya kukwaruza, "Mmekuja kunizika na nguo za kazini?" Tulipomweleza watu walisema nini, alimtafuta mumewe kwa macho. Yule mzee alikuwa ameketi miguuni mwa kitanda.

"Mimi ninywe sumu kwa sababu ya mtamba?" alisema. "Ningekunywesha wewe."

Wodi nzima ilicheka, wagonjwa na wauguzi. Mumewe alicheka machozi yakimtoka, akamshika unyayo akaushikilia muda mrefu.

Kwa ajili ya mikono yake hospitali ilimpa mafuta ya kupaka na amri ya kukaa mbali na ndoo ya mbuzi. Amri hiyo ilimwangukia mumewe. Alitafuta mifuko ya nailoni ya kuvaa mikononi na fimbo ndefu ya kufungia tambara, na hakuwahi kulalamika mbele ya watu. Ukurutu ulikauka kabla ya mavuno, jambo lililonionyesha kwamba ile dawa ya kupe ndiyo iliyokuwa inamla ngozi tangu mwanzo.

Mjini mambo yalikwenda kinyume na nilivyotarajia. Habari ilifika Makole kabla sisi hatujafika, na badala ya kuogopesha watu iliwatia hamu. Dawa inayopakwa mkononi ikanukia mdomoni! Walikuja wenye baridi yabisi, wenye mba, wenye chunusi, mmoja akamleta mama yake aliyepooza. Mjomba alifurahi. Alikwishapanga kuagiza maboksi, na alitaka tuyauzie barazani kwangu, karibu na cherehani, kwa kuwa watu walishapajua.

"Hapana, mjomba," nilisema.

"Wewe mwenyewe unapaka."

"Napaka mimi, mkono wangu nimeunawisha mimi. Huyu anayekuja nitajuaje leo ameshika nini? Mwingine fundi rangi, mwingine ametoka kupulizia dawa zabibu. Nimwulize kila mmoja?"

"Biashara ni ruksa siku hizi."

"Ruksa ni ya serikali. Baraza ni langu. Shikamoo yako iko palepale, mjomba, lakini hapa haiuzwi."

Alininunia. Hakuja kunywa chai kwangu mpaka mfungo ulipoingia, na alipokuja kufuturu tulizungumza mambo mengine. Maboksi hayakuagizwa. Baadaye tajiri wake alimwita tena, akarudi kwa farasi wake, na barua zake zilikuwa na salamu za mkono wangu daima.

Waliokuja kutafuta dawa niliwaambia wazi kwamba siitoi, na sababu niliwaeleza bila kuficha kitu. Wengine waliondoka wakisema nina uchoyo. Nilishona. Mkono wangu nilikuwa nikiupaka maumivu yakizidi, nimenawa, peke yangu, na mume wangu akihamia upande wa ukuta, mpaka chupa ikaisha. Ilipoisha sikutafuta nyingine. Nilikuwa nimeshanunua mkasi mzito wa fundi viatu, na nilikuwa nimemfundisha binti wa jirani kukata jinzi kwa mshahara, mimi nikibaki na kazi ya kushona. Maumivu yakawa ya kuvumilika, na hivyo ndivyo yalivyo hadi leo.

Magoti ya wifi hayakupona, wala hatukumdanganya kwamba yatapona. Aliendelea kuja kila baada ya mavuno. Treni ikisimama alishuka kinyumenyume, ameshika chuma kwa mikono miwili, na watu waliokuwa nyuma yake walisubiri, maana alikuwa akiwasimulia kwa sauti kubwa jinsi kijiji kilivyotaka kumfunga jela kwa kunuka kitunguu saumu.